Homa Ndogo ya Mtoto Yataka Macho

Mzazi aliyelea mtoto katika bonde la Kilombero aujua usiku wa namna hii. Mtoto alilala akiwa mzima. Yapata saa nane za usiku anageuka-geuka kitandani, analia kidogo, na mama akimgusa paji la uso huona limepata joto. Si joto kali la kutisha. Ni homa ndogo tu. Baba ameingia zamu ya usiku katika kiwanda cha sukari, au yu safarini kwa garimoshi la TAZARA kuelekea Mlimba, na nyumbani hakuna dawa ila chupa iliyobaki kutokana na ugonjwa wa mwezi uliopita. Mama hana budi kuamua peke yake.

Kukipambazuka, ushauri hauna uhaba. Jirani mmoja atasema, “Hilo ni joto la meno, litapita lenyewe.” Mwingine atasema, “Hiyo ni malaria, mpe dawa upesi.” Wote wawili husema kwa nia njema, na wote wawili waweza kumponza mtoto. Wa kwanza huchelewesha tiba. Wa pili hutibu ugonjwa ambao pengine haupo, na ule uliopo ukaachwa uendelee. Juma hili, ndugu wasomaji, tungependa kuzungumza juu ya njia iliyo kati ya hizo mbili, yaani kumpima mtoto mapema, kumtunza vema nyumbani, na kumtazama yeye mwenyewe zaidi ya kulitazama joto lake.

NENO MOJA, MAANA MBILI

Lugha yetu yenyewe imechangia kutuchanganya. Neno homa hutumika kwa joto la mwili, na neno lilo hilo hutumika kwa malaria. Mtu akisema kwamba mwanawe ana homa, wasikiaji wengi hufahamu kuwa ana malaria. Kwa watu wa Ifakara hilo si jambo la kushangaza. Bonde lao liko chini, kati ya milima ya Udzungwa na vilima vya Mahenge. Masika yakiwadia mto hufurika, na mashamba ya mpunga hushika maji kwa majuma mengi. Mbu hawakukosa mahali pa kuzaliana, na kwa miaka mingi mtoto aliyepata joto alihesabiwa kuwa ana malaria hata kabla hajafikishwa zahanati.

Lakini homa si ugonjwa. Homa ni habari inayoletwa na mwili kwamba umevamiwa na unapigana. Joto la mtoto mwenye afya, likipimwa kwapani, aghalabu huwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za Sentigredi. Likizidi hapo tunasema ana homa, na lisipofika 38.5 twaweza kuiita homa ndogo. Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, ila wingu peke yake halimwambii mkulima kama inakuja manyunyu au gharika. Vivyo hivyo, ukubwa wa joto hauonyeshi ukubwa wa ugonjwa. Mafua ya kawaida yaweza kumpandisha mtoto hadi nyuzi 39, naye akapona bila dawa yoyote ya pekee. Nimonia yaweza kuanza na joto dogo ambalo mzazi hakulijali.

YALIYOONEKANA IFAKARA

Mji wa Ifakara una sifa ambayo miji mingi mikubwa haina. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy, kutoka Basel nchini Uswisi, alianzisha hapo maabara ndogo ya kuchunguza magonjwa ya nchi za joto. Maabara hiyo ilikua hata ikawa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo, chombo cha Kitanzania ambacho wataalamu wa malaria duniani kote wanakifahamu.

Mwaka 2008 madaktari waliwachunguza watoto 1,005 wenye umri wa miezi 2 hadi miaka 10, walioletwa wakiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi kwenye kliniki za wagonjwa wa nje za Dar es Salaam na Ifakara. Kila mtoto alipimwa kwa makini ili ijulikane joto lake limetokana na nini hasa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2014, na yanafaa kujulikana na kila mzazi. Waliokuwa na malaria walikuwa kama 1 tu katika kila 10. Watoto 62 katika kila 100 walikuwa na maambukizo ya njia ya hewa, kama vile mafua na kikohozi, na wachache miongoni mwao walikuwa na nimonia. Wengine walikuwa na ugonjwa wa kuharisha, maambukizo ya njia ya mkojo au homa ya matumbo, na wako waliokuwa na magonjwa mawili kwa pamoja. Kwa jumla, watoto 70 hivi katika kila 100 walikuwa na ugonjwa uletwao na virusi.

Tuyapime mambo hayo. Kama kila mmoja wa watoto hao angepewa dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani, wengi wangemeza dawa isiyowahusu. Wengi wao wangepona hata hivyo, kwa kuwa mafua hupona yenyewe, na wazazi wangeisifu dawa. Lakini yule mwenye nimonia angerudi nyumbani na nimonia yake. Na kama kila mmoja angepewa dawa za kuua bakteria, yaani antibiotiki, nazo zisingewasaidia wale wenye virusi. Zingezoeza tu vijidudu kuishinda dawa ambayo kesho tutaihitaji kwa dhati.

Kupungua kwa malaria hakukuja kwa bahati. Mwaka 1997 ulianza katika wilaya za Kilombero na Ulanga mpango wa kuuza vyandarua vilivyotiwa dawa ya kuua mbu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4, kulala ndani ya vyandarua hivyo kuliongeza uwezekano wa kunusurika kwa asilimia 27. Chandarua kilichotundikwa vizuri usiku huu ni tiba ya homa ambayo haijaanza.

KWANZA, APIMWE

Kusema kwamba si kila homa ni malaria si kusema kwamba malaria imehama bondeni. Ingalipo, nayo huenda mbio katika mwili wa mtoto mdogo. Aliyekuwa akicheza asubuhi aweza kuwa mahututi siku ya pili. Mzazi wa Ulaya huweza kuitazama homa ndogo kwa siku mbili au tatu pasipo hofu kubwa, kwani kwake hakuna malaria. Mzazi wa Ifakara, Mang'ula au Malinyi hana nafasi hiyo. Kwake yeye sheria ni moja: mtoto mwenye homa, hata iwe ndogo, apimwe malaria kabla saa 24 hazijapita.

Kupima siku hizi si kazi kubwa. Muuguzi huchoma kidole kidogo, huchukua tone la damu na kuliweka kwenye kipimo cha haraka, na jibu hupatikana katika muda wa dakika 15 hadi 20. Kipimo kikionyesha malaria, mtoto hupewa dawa ya mseto kwa kadiri ya uzito wake, mara mbili kwa siku kwa siku tatu. Ameze pamoja na chakula au maziwa, na amalize dozi yote hata kama siku ya pili ameanza kurukaruka. Akitapika dawa punde baada ya kuimeza, mrudishe ukaulize, kwa maana dozi hiyo huenda haikuingia mwilini.

Je, kipimo kikisema hakuna malaria? Hapo ndipo wazazi wengi hushindwa kuamini. Watafiti waliokaa na wananchi wa Ifakara katika miaka ya 1990 walielezwa kwamba mchawi huweza kuvificha vijidudu vya malaria hata darubini ya hospitali isivione. Wengine hawasemi uchawi, lakini husema, “Kipimo hicho kibovu,” kisha wakapitia dukani kununua dawa ya malaria wakiwa njiani kurudi nyumbani. Tusiwacheke. Kwa miaka mingi hata sera ya tiba iliruhusu kila homa ya mtoto itibiwe kama malaria, na klorokwini ilikuwa karibu kila nyumba. Lakini vijidudu vilizizoea dawa hizo. Klorokwini iliachwa mwaka 2001, na dawa ya SP iliyochukua nafasi yake ikaachiwa dawa ya mseto katika mabadiliko ya mwaka 2006. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Kwa hiyo jibu la “hakuna malaria” lisikukasirishe. Muulize mganga swali linalofuata: “Basi joto hili limetoka wapi?” Amtazame masikio, koo na ngozi, amhesabie pumzi, aulize habari za choo na mkojo. Na homa ikiendelea siku mbili baada ya hapo, mtoto arudishwe apimwe tena.

MATUNZO YA NYUMBANI

Mtoto akisha kupimwa, na ikaonekana kuwa ugonjwa wake ni mdogo, kazi kubwa hurudi nyumbani. Jambo la kwanza ni maji, kwani joto hukausha mwili. Mtoto anyonye mara nyingi zaidi ya kawaida. Aliye chini ya miezi sita hahitaji kitu kingine ila maziwa ya mama. Aliyevuka umri huo apewe maji yaliyochemshwa, uji mwepesi, dafu au maji ya matunda, kidogo kidogo lakini mara kwa mara. Asilazimishwe kula sahani nzima; akila vijiko vichache kila baada ya muda, yatosha.

La pili ni nguo. Desturi ya kumfunika mtoto mwenye homa kwa blanketi mbili “ili jasho limtoke” ni desturi ya kuachwa, kwa sababu huzuia joto lisipate njia ya kutoka. Avae nguo moja nyepesi na alale penye hewa, ndani ya chandarua. Wala asimwagiwe maji ya baridi, wala asipakwe spiriti. Maji baridi humtetemesha, na kutetemeka huzidisha joto. Ukitaka kumpangusa, tumia kitambaa na maji ya uvuguvugu, na iwe kwa kumfariji tu.

La tatu ni dawa ya kutuliza. Homa ndogo isiyomsumbua mtoto haihitaji dawa ya kuishusha. Kama joto limefika 38.5, au mtoto hana raha na ana maumivu, parasetamoli yafaa. Dozi yake hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja. Mtoto wa kilo 10, basi, hupewa miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja, na dozi nyingine baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Soma maandishi ya chupa, maana dawa za maji hutofautiana nguvu, na pima kwa kifuniko au kijiko kilichokuja na chupa hiyo. Vijiko vya jikoni havilingani. Asprini asipewe mtoto. Na mtoto mchanga aliye chini ya miezi mitatu asipewe dawa yoyote ya homa kabla ya kuonwa na mganga.

Katika nyumba ambayo mama na baba wote huenda kazini, mtoto hubaki na bibi au yaya. Basi iandikwe katika karatasi saa ya kila dozi iliyotolewa. Watoto wamewahi kupewa dozi mara mbili kwa sababu mama alimpa kabla ya kutoka, na bibi, kwa huruma yake, akampa tena. Parasetamoli ikizidi huharibu ini.

Tukumbuke pia kwamba parasetamoli haitibu malaria wala nimonia. Hushusha joto tu. Mtoto aliyepoa kwa saa nne na kurudiwa na joto hajapona, amepumzika.

KATA UBANDIKE UKUTANI

Zifuatazo ni dalili ambazo, ikionekana hata moja, hakuna kusubiri asubuhi:

1. Mtoto mwenye homa ana umri chini ya miezi mitatu.
2. Hawezi kunyonya wala kunywa.
3. Hutapika kila anachokunywa.
4. Amepata degedege.
5. Amelegea mno, au haamki vizuri, au hamtambui mama yake.
6. Anapumua haraka: pumzi 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, au kifua chake hubonyea ndani avutapo pumzi.
7. Shingo imekakamaa, au utosi wa mtoto mchanga umevimba.
8. Viganja vimekuwa vyeupe, macho yamekuwa manjano, au mkojo umekuwa mweusi.
9. Hakojoi kwa muda mrefu, na mdomo umekauka.

Pumzi zihesabiwe kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Na kwa habari ya meno, wazazi wajue kuwa kuota meno huleta udenda na usumbufu, lakini hakumpandishi mtoto joto la nyuzi 38. Lililofikia hapo litafutiwe sababu nyingine.

DEGEDEGE

Hakuna kitu kinachoogopesha kama kumwona mtoto akikakamaa, macho yakigeuka na viungo vikitetemeka. Haishangazi kwamba wazee wetu walilihusisha jambo hilo na dege au shetani anayempitia mtoto usiku, na kwamba katika sehemu mbalimbali za nchi alitafutwa mganga wa kienyeji kwanza, mtoto akafukizwa kwa moshi wa mavi ya tembo. Wapo waliosema kuwa mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Walichokiona ni kweli: watoto walifikishwa hospitali, wakachomwa sindano, wakafa. Ila walifikishwa wamechelewa, na lawama ikaiangukia sindano.

Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano huweza kupata degedege kwa sababu tu joto limepanda, na mara nyingi hupita katika dakika chache bila kuacha madhara. Lakini katika nchi ya malaria degedege huweza pia kuwa ishara kwamba malaria imeingia ubongoni, na mzazi hana jicho la kutofautisha. Kwa hiyo kila degedege ni safari ya hospitali. Degedege linapokuja, mlaze mtoto kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, legeza nguo shingoni. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, wala usimnyweshe kitu. Likiisha, ondokeni. Anayetaka kumwombea dua na amwombee njiani.

SHAMBANI NA KAZINI

Yote tuliyoyasema ni rahisi zaidi kwa mkazi wa Ifakara mjini, ambaye hospitali haiko mbali. Lakini familia nyingi za bonde hili huhamia mashambani wakati wa kupanda na kuvuna mpunga, zikalala katika vibanda na madungu mbali na kijiji. Watafiti waliozifuata huko waliona kuwa watu hubeba vyandarua vyao, jambo la kusifiwa. Shida ilikuwa kufika kwenye tiba. Mwenye kwenda shamba na mtoto mdogo, basi, akumbuke kuchukua kadi ya kliniki ya mtoto, maji safi ya kunywa na fedha kidogo za nauli, na ajue tangu siku ya kwanza ni njia gani itakayomfikisha zahanati usiku, na baiskeli au pikipiki ya nani itaazimwa.

Neno la mwisho ni kwa akina baba. Katika nyumba nyingi mama ndiye anayeiona homa, lakini fedha na ruhusa viko kwa baba, na baba yuko kazini. Saa zinazopotea zikimngoja baba arudi ni katika zile saa 24 tulizozitaja. Mtoto hapaswi kungoja mshahara wala zamu kwisha. Baba na mama wakae leo, mtoto akiwa mzima, wakubaliane kwamba akipata homa mama ataondoka naye bila kuuliza, na kwamba nauli yake imewekwa mahali anapopajua. Wasome pia uzito wa mtoto katika kadi yake, na ile chupa iliyobaki kabatini, isiyojulikana ni ya lini, waitupe.